Upepo wa mafundi

Misigiri wilayani Iramba, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya kwenda Nzega, dereva wa lori akiona geji imeshuka husema upepo umepungua. Hewa inayovuma ndiyo upepo wa kila mtu, lakini mafundi wa magari wameliongezea neno hili maana ya pili: hewa iliyoshindiliwa ifanye kazi.

Maana hiyo naitaka ifike maabara. Kuna mashine zinazochapa seli hai, na vichwa vya kuchapia vya baadhi yake husukumwa na hewa ya namna hiyo. Wino wake ni ute mzito, mara nyingi wa alginati au jelatini, uliochanganywa na seli. Hutiwa ndani ya sirinji pasipo kuacha povu, kisha mpira wa upepo kutoka kompresa hufungwa juu. Mtumiaji huanza na shinikizo dogo, akiongeza taratibu mpaka ute utoke kama uzi usiokatika. Akizidisha, msukumo mkali ndani ya ncha nyembamba huua seli. Tairi la lori huhitaji kilopaskali 800 hivi; hapa mara nyingi hata 200 hazifiki.

Ningeweza kuandika “kichwa cha kinyumatiki”, lakini mwanafunzi wa Iramba ataambulia nini? Naandika “kichwa cha upepo”, kama tusemavyo breki za upepo. Vitenzi navyo vipo tayari: kupima upepo, kujaza upepo, kutoa upepo. Hicho cha mwisho kina kazi muhimu, kwani upepo usipotolewa uchapaji unaposimama, ute huendelea kuchuruzika.