Uangalizi wa Muuguzi Machoni pa Mgonjwa

Kwa zaidi ya karne moja tangu uuguzi wa kisasa uanze kufundishwa kama taaluma, sifa za muuguzi mwema zilielezwa na wauguzi wenyewe na madaktari waliowasimamia, wala si na mgonjwa aliyelala kitandani. Florence Nightingale, aliyefungua shule ya uuguzi katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, aliandika kwa makini kuhusu mambo yanayomuudhi mgonjwa, kama vile kelele, minong'ono mlangoni na maneno matupu ya kumpa moyo. Hata hivyo alimsemea mgonjwa, hakumwachia ajisemee.

Nchini Marekani, mwaka 1979, msomi wa uuguzi Jean Watson alichapisha kitabu kilichofanya kujali, yaani uhusiano wa kiutu ambao ndani yake mgonjwa huonekana kuwa mtu kamili na si maradhi tu, kuwa kiini cha uuguzi, na hapo likazuka swali la kama wagonjwa nao wanaliona jambo hilo vivyo hivyo. Mtafiti Patricia Larson alilitafutia jibu kwa kipimo kiitwacho CARE-Q, chenye kadi 50, kila moja ikitaja tendo la muuguzi, ambazo mhojiwa huzipanga kuanzia lenye uzito zaidi hadi lenye uzito mdogo kabisa. Katika utafiti wake wa mwaka 1984, wagonjwa wa saratani walitanguliza ujuzi wa kuchoma sindano, kutundika dripu na kuendesha mashine, pamoja na kutambua wakati wa kumwita daktari. Wauguzi walipozipanga kadi hizo hizo, wao walitanguliza kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 1988 watafiti Cronin na Harrison waliwauliza watu walionusurika shambulio la moyo, nao wakamweka juu muuguzi anayeijua kazi yake.

Kudai kutokana na matokeo hayo kwamba mgonjwa hahitaji upole ni kuyasoma kwa pupa. Mtu aliyetobolewa mkono mara tatu bila mshipa kupatikana hawezi kuiamini pole inayotoka kwa aliyemtoboa. Kwake umahiri ndio ushahidi wa kwanza wa huruma, na maneno mazuri humwingia akiisha kuondokewa na hofu ya kuumizwa. Kwa hiyo vyuo vya uuguzi, ambavyo aghalabu hufundisha maadili darasani na sindano wodini, havina budi kuyafundisha yote mawili pamoja, kando ya kitanda cha mgonjwa, na kumuuliza mgonjwa mwenyewe kama amehudumiwa vyema.