Maji ya Tjoritja

Magharibi ya mji wa Alice Springs, katikati ya Australia, safu ya milima myekundu imelala jangwani kwa mamia ya kilometa. Ramani huiita MacDonnell, jina lililotolewa na mpelelezi John McDouall Stuart mwaka 1860 kwa heshima ya gavana wa Australia Kusini. Waarrernte, ambao ni wenyeji wake, huiita Tjoritja. Mto Finke, au Larapinta kwa lugha yao, haukuizunguka milima hiyo bali uliipasua, na katika mipasuko hiyo ndimo yalimo makorongo ya Glen Helen na, kwenye mkono wake mmoja, Ormiston.

Mgeni hufika Ormiston baada ya mwendo wa kilometa 135 hivi kutoka mjini. Hupita kwenye mchanga mkavu wa mto, chini ya mikalitusi yenye magome meupe, na hapo hapo hukutana na maji mengi. Kina cha dimbwi hufika mita 14 linapojaa, na baridi yake huwashtua waogeleaji hata siku za joto kali. Kangaruu wadogo wa miambani hurukaruka penye kivuli. Wengi huoga, hupiga picha, huondoka. Mimi naona kuna swali linalostahili kuulizwa kabla ya kuvua viatu: maji haya yamedumuje?

Jibu la kwanza liko kwenye mawe. Mafuriko yakibanwa kati ya kuta mbili hupata nguvu ya kuchimba mchanga, na kivuli cha kuta hizo hupunguza maji yanayokaushwa na jua. Finke hutiririka baada ya mvua kubwa tu. Sehemu kubwa ya mwaka samaki wake hujihifadhi katika madimbwi kama haya mpaka mto urudi.

Jibu la pili liko kwa watu, nalo husahauliwa. T. G. H. Strehlow, mtoto wa mmisionari, aliyezaliwa kwenye misheni ya Hermannsburg mwaka 1908 na kukua akizungumza Kiarrernte, aliandika kwamba mahali patakatifu palizungukwa na eneo ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuwinda. Wanyama walizaliana humo kwa amani na kujaza tena nchi baada ya ukame. Maji, basi, yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na sheria. Wapelelezi waliojivunia kuyagundua waliyakuta yametunzwa.

Mwaka 1877 wamisionari wa Kilutheri walifungua Hermannsburg, mahali paitwapo Ntaria. Ng'ombe wa walowezi nao wakaja, wakakanyaga kingo za madimbwi na kuyachafua. Wenyeji waliofukuzwa majini walichoma ng'ombe mikuki, na polisi walijibu kwa risasi. Mmoja wa polisi hao, Konstebo William Willshire, alishtakiwa kwa mauaji mwaka 1891. Mahakama ya Port Augusta ikamwachia huru. Ni aibu kwamba watalii wengi hupita hapa bila kulisikia jina la Willshire.

Ukame wa miaka ya 1920 uliua watoto wengi wa Ntaria kwa ugonjwa wa kukosa mboga na matunda. Chemchemi ya Kaporilja ilikuwa kilometa chache tu kutoka hapo, lakini hapakuwa na bomba. Dada wawili wa Melbourne, Violet na Una Teague, waliandaa maonyesho ya picha ili kuchangisha fedha, na mwaka 1935 maji yakafika kijijini. Bustani zikaota.

Mwaka uliofuata mchoraji Rex Battarbee alizunguka makorongo ya Tjoritja akiongozwa na Albert Namatjira, mtoto wa Ntaria aliyezaliwa mwaka 1902, ambaye kwa malipo ya kuongoza ngamia alitaka kufundishwa rangi za maji. Picha za maonyesho ya Namatjira huko Melbourne mwaka 1938 ziliuzika zote. Watu wa mijini walinunua mandhari. Yeye alichora nchi ya wazee wake. Alipoomba kukodi malisho katika nchi hiyo hiyo, alinyimwa.

Leo adui mpya wa madimbwi ni nyasi za bafeli, zenye asili ya Afrika na Asia, ambazo wafugaji wetu wa Kenya na Tanzania huzithamini sana. Huko Australia zilipandwa kwa malisho na kuzuia vumbi, zikapanda hadi ndani ya makorongo, na zikishika moto huwaka vikali kuliko majani ya asili. Januari 2019 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya Tjoritja, pamoja na mikalitusi mikongwe ya kando ya mito. Walinzi wa Tjuwanpa, ambao ni Waarrernte, sasa huchoma nyasi kidogo kidogo majira ya baridi, kabla joto halijaingia.