Majarida ya picha, na ukuta wa bibi Isongole

Najua nilipotea, na kuna walioanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Isongole, wilaya ya Ileje, pale Tanzania inapoishia na Malawi inapoanza. Ukisogea hatua chache tu simu inakukaribisha ugenini, na bando lako linakuwa halina kazi. Zamani kutoka Tunduma hadi kule ilikuwa safari ya vumbi au matope, kutegemea na mwezi. Siku hizi kuna lami kuanzia Mpemba, kama kilomita 50 hivi, unafika shati likiwa bado safi.

Kilichonirudisha kwenye kibodi ni swali la kijana mmoja wa pale. Ni mpiga picha. Ana kamera moja ya mtumba, anapiga harusi, kipaimara na picha za paspoti, na baadhi ya wateja wake wanavuka kutoka Chitipa. Alikuwa ameweka pembeni shilingi 40,000. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mwandishi wa habari. Nitajie jarida la upigaji picha ninunue nijifunze. Au niweke bando tu niangalie YouTube?" Nilicheka, halafu nikagundua sina jibu. Kwake hiyo ni kazi ya wikiendi mbili, siyo hela ya kuchezea. Nikamwambia anipe usiku mmoja nifikirie.

Basi bwana, nilichofikiria ndicho hiki.

Tunaposema "jarida la picha" tunachanganya vitu viwili ambavyo historia yake ni tofauti kabisa. Cha kwanza ni jarida la kufundisha na kupima vifaa: kamera ipi nzuri, lenzi ipi inafaa, mwanga uupimeje. Waingereza walianza mapema, Amateur Photographer lilitoka London mwaka 1884. Wamarekani wakaja na Popular Photography mwaka 1937. Majarida haya yaliishi kwa matangazo. Msomaji anasoma kwamba kamera fulani imefaulu mtihani, anafungua kurasa za nyuma, anakuta maduka kibao yanayoiuza kwa njia ya posta. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi Dar niliwahi kununua rundo zima la majarida ya namna hiyo kutoka kwa wauza vitabu wa chini pale Posta. Nilisoma kwa bidii vipimo vya kamera ambazo hakuna duka duniani lililokuwa likiziuza tena. Hela ikaenda hivyo hivyo.

Intaneti iliwapiga hawa moja kwa moja. Desemba 1998 Mwingereza mmoja, Phil Askey, alianzisha tovuti ya DPReview, akawa anapima kamera za dijitali bure, tena kwa picha ambazo msomaji anaweza kuzikuza mwenyewe aone kasoro. Nani angesubiri jarida la mwezi ujao? Popular Photography lilisimamisha toleo la karatasi mwaka 2017, baada ya miaka 80. Na mchinjaji naye nusura achinjwe: Machi 2023 Amazon, waliokuwa wameinunua DPReview mwaka 2007, walitangaza kuifunga. Miezi mitatu baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Gear Patrol, ikapona. Sehemu hii ya jibu kwa hiyo ilikuwa rahisi. Mdogo wangu, usitoe hata senti kununua karatasi ya kukueleza flashi inawashwaje.

Cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi. Ni lile jarida ambalo halifundishi chochote, linasimulia kwa picha. Mfano mkubwa ni Life, lililoanzishwa upya na Henry Luce mwaka 1936 likawa la kila wiki. Mwaka 1948 walimtuma W. Eugene Smith kwenye mji mdogo wa Kremmling, Colorado, akakaa siku 23 akimfuata daktari mmoja tu, Ernest Ceriani, daktari pekee wa eneo hilo. Alimfuata usiku na mchana, kwa wazaliwa na kwa wanaokufa. Hadithi ile, Country Doctor, ilichapishwa Septemba mwaka huo ikiwa na picha 28. Siku 23, picha 28! Kijana wangu wa Isongole anazidisha hizo kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari.

Na msiniambie Life liliuawa na intaneti. Liliacha kutoka kila wiki Desemba 1972, wakati huo anayeijua intaneti ni mtu wa maabara. Televisheni ndiyo iliyochukua matangazo, na gharama za posta zikamalizia. Intaneti ilikuja kulifufua: tangu 2009 matoleo zaidi ya 1,800 ya miaka ile yamewekwa kwenye Google Books, ukurasa kwa ukurasa, na matangazo ya sigara yamo humo humo. Mtu wa Isongole mwenye bando la usiku anaweza kumsoma Smith bure, akihesabu ipi imewekwa kubwa, ipi imebanwa pembeni, ipi imeachwa ya mwisho.

Hapo nilitaka kulala, swali limeisha. Ila likaja jingine. Na sisi je?

Maana sisi tulikuwemo. Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa 1935, alikwenda kusoma Los Angeles kwa msaada wa mpiga picha wa Life, Eliot Elisofon, kisha akarudi kupiga uhuru wa Kenya na mengine mengi kwa ajili ya Time na Life. Aliuawa kwa risasi Biafra Oktoba 1968, akiwa na miaka 33. Picha zake nyingi zilikaa zaidi ya miaka 40 kwenye gereji ya nyumba moja Nairobi ndipo ndugu yake, Shravan Vidyarthi, akazifikia. Kitabu kilitoka 2018. Mohamed Amin naye, aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix pale pale Dar mwaka 1963. Ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilitikisa dunia Oktoba 1984. Kampuni yake ilikuja kuchapisha vitabu na majarida pia, likiwemo Selamta la abiria wa Ethiopian Airlines. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya shirika hilo hilo iliyotekwa na kuanguka Comoro.

Na tulikuwa na yetu. Drum, lililozaliwa Afrika Kusini mwaka 1951, lilikuwa na toleo la Afrika Mashariki. Serikali yetu ilikuwa na Nchi Yetu. Faraji Katalambulla, yule wa riwaya ya Simu ya Kifo, alitoa Film Tanzania, hadithi zilizochezwa na watu halisi wakapigwa picha moja moja na maneno yakawekwa juu yake. Wazazi wetu waliyasoma hayo mpaka yakachanika. Jaribuni kuyatafuta mtandaoni. Mimi nilitafuta usiku ule mpaka chaji ikaisha, nikaambulia majalada machache na watu wazima wakiyakumbuka. Daktari wa Colorado ninaye kwenye simu, picha zote 28. Film Tanzania ambayo mama yangu aliificha chini ya godoro sinayo.

Asubuhi kijana akanipeleka kwa bibi yake kunywa chai. Nyumba ya zamani, udongo, bati jipya. Nyuma ya kabati la vyombo ukuta umebandikwa kurasa za jarida, zimekuwa kahawia kwa moshi. Nikasogea. Maneno ni ya Kiswahili, watu ni Wachina. Wadau, lilikuwa China Pictorial! Jarida hilo la Peking, lililoanza mwaka 1950, lilikuwa likitoka kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimojawapo. Radio Peking ilishaanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, halafu ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Tunduma. Bibi akasema, "Marehemu babu yenu alirudi nayo wakati wa reli. Nikabandika ili udongo usinimwagikie kitandani."

Ni propaganda, tusidanganyane. Hakuna Mchina mwenye huzuni kwenye ukuta ule, kila mtu anacheka na ngano. Njaa iliyoua mamilioni kule China kati ya 1959 na 1961 huwezi kuiona humo hata ukitumia miwani. Lakini nilimuuliza bibi anapenda picha ipi, akanionyesha mwanamke kwenye trekta, akanisimulia maisha yake yote: ameolewa mbali, mume ni mlevi, trekta ni la kaka yake. Maelezo ya chini ya picha hayasemi lolote kati ya hayo. Bibi ameitazama picha hiyo moja kwa miaka 50.

Mjukuu alikuwa ameduwaa. Amelala nyumba ile utotoni wote na hakuwahi kumuuliza. Akatoa simu amwonyeshe bibi kazi zake, akawa anasukuma kidole, picha baada ya picha, harusi, harusi, kipaimara. Bibi akasema, "Taratibu, baba, huyu wa kwanza alikuwa nani?" Kijana akarudi nyuma kuitafuta, hakuipata.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba silaumu wingi. Mimi ni mtoto wa wingi huo. Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News, alipofungua blogu yake mwaka 2005, wengi wetu ndipo tulipoona kwa mara ya kwanza picha za nyumbani zikitoka siku hiyo hiyo, bila kungoja gazeti la kesho. Nilikuwa nafungua asubuhi na jioni. Ila ule ni mto wa habari unaopita. Jarida ni mtu aliyekaa akachagua, akatupa picha 900 abaki na 28, na ndicho kitu ambacho kijana yule hajawahi kufanya hata siku moja kwa picha zake mwenyewe.

Tukakubaliana hivi. Jarida hatanunua. Bando dogo la usiku kwa ajili ya Life, hadithi moja kwa wiki. Hela iliyobaki, akasafishe picha. Akaenda Tunduma, akarudi na bahasha ya picha 24 za harusi moja ya upande wa Malawi, na bado alikuwa na chenji. Tukazimwaga juu ya mkeka wa bibi. Alianza na keki, kama wote wanavyoanza. Bibi akaiondoa keki, akatafuta tafuta, akachukua ya mama wa bibi harusi akiwa amekaa peke yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, viatu mkononi. Akaiweka mwanzo. Keki haikurudi kabisa. Zilibaki picha 9.

Nyumba ile itapigwa plasta ya sementi kiangazi kijacho, wajukuu wameshachanga. Kwa hiyo siku yangu ya mwisho tulisogeza kabati tukaupiga picha ukuta mzima, kurasa 14, tatu zikiwa hazisomeki.

Sasa nawageukia nyie. Mwenye Nchi Yetu, Film Tanzania au Drum la zamani kwenye sanduku la marehemu baba, asifungie karanga. Niandikieni, nitakuja na kamera, hata kama ni kwa bodaboda.