Picha za Kale na Watu Wasiotajwa

Picha nyingi za misheni za karne ya 19 zilichongwa Ulaya na mafundi wasioijua nchi yetu, kwa kufuata michoro ya wasafiri. Twaona nyumba kilimani, na chini yake watu wadogo wakitwanga na kulima. Ni nani hao?

Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni Bagamoyo, kaskazini ya Kerege. Mwaka 1872 tufani iliibomoa. Wakaijenga tena pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 jamaa za Kikristo kutoka Bagamoyo wakasaidia kuanzisha Mhonda, katika milima ya Nguru.

Padre Horner, mkuu wa kwanza, jina lake lajulikana. Waliobeba mawe, wengi wao hawatajwi. Basi uonapo picha kama hizo, usitazame kuta tu, watazame waliozijenga.