Karatasi nne za babu

Babu yangu mzaa mama alizaliwa Jinja, Uganda, mwaka 1934, akafia hapa Birmingham. Mama amehifadhi karatasi zake nne katika bahasha moja. Nimezipanga kwa tarehe ili nifuate maisha yake, na nimeona kwamba mtu ni yule yule ila kila serikali ilimpa hadhi tofauti.

Ya kwanza ni pasipoti ya mwaka 1956. Wazazi wake walitoka Gujarat, wakafungua duka la nguo Jinja. Uganda haikuwa koloni kamili bali nchi iliyo chini ya ulinzi wa Uingereza, kwa hiyo pasipoti inamtaja kuwa "mtu anayelindwa na Uingereza". Bibi alizaliwa Kisumu. Kwa kuwa Kenya ilikuwa koloni, yeye alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyokuja kuwatenganisha.

Ya pili ni cheti cha uraia wa Uganda. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, babu aliamua kubaki na kuwa Mganda kwa sheria. Bibi alibaki na pasipoti yake ya Uingereza.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza wafukuzwe, na muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Waliokuwa raia wa Uganda nao walipangishwa foleni Kampala ili hati zao zikaguliwe. Sheria ilimtaka anayechukua uraia wa Uganda aukane ule wa zamani kwa maandishi katika muda maalumu, na wengi waliochelewesha karatasi hiyo walifutiwa uraia papo hapo. Babu alikuwa mmoja wao. Aliingia ofisini akiwa raia, akatoka hana nchi.

Ndipo ikaja karatasi ya tatu, hati ya safari ya Msalaba Mwekundu. Umoja wa Mataifa uliwapeleka watu wasio na uraia katika vituo vya muda barani Ulaya, naye akapelekwa Traiskirchen, Austria. Bibi na watoto wawili walipanda ndege hadi Stansted, wakapokelewa katika kambi ya Stradishall, Suffolk, iliyokuwa kituo cha jeshi la anga. Ilikuwa moja ya kambi 16 za Bodi ya kuwapokea watu wa Uganda, ambao waliofika Uingereza walikuwa kama 28,000.

Bodi iliigawa nchi kwa rangi: maeneo mekundu yalihesabiwa kuwa yamejaa, ya kijani yana nafasi. Birmingham ilikuwa nyekundu. Bibi alikuja hata hivyo, kwa sababu kaka yake alikuwa na chumba Balsall Heath. Serikali ilipoanza kuwaruhusu waume wasio na uraia kuwafuata wake zao, babu akafika mwaka 1973, akapata kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Mwaka huohuo Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa ya Uganda. Babu, aliyekizungumza dukani tangu utotoni, alikuwa anajifunza kusema Kiingereza cha zamu ya usiku.

Karatasi ya nne ni cheti cha uraia wa Uingereza cha mwaka 1979.

Hakuna hata moja inayotaja lugha. Lakini mama anasema nyumbani watoto waliitwa mezani kwa Kiswahili, wakakemewa kwa Kigujarati, na hesabu za duka la zamani babu alizisimulia kwa Kiswahili tu, pamoja na majina ya wateja waliokuwa bado wanamdai chenji. Majina hayo, mama aliyekuwa na miaka sita walipoondoka, bado anayataja.

Wengi chamani mna bahasha kama hii nyumbani. Faili za Bodi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kew, lakini zinaanza pale mtu alipofika. Ya kabla ya hapo tuwaulize wazee, na tuwaulize kwa lugha waliyoishi nayo.