Mageuko: nani anageuka, nani anageuza?

Dhana ambayo Waingereza na Wafaransa huiita evolution, sisi huiandika mara mabadiliko, mara mageuzi, mara mageuko. Mabadiliko ni neno pana mno: bei hubadilika, na hali ya hewa vilevile. Mageuzi limeshachukuliwa na siasa tangu vuguvugu la vyama vingi la miaka ya 1990, na huko Tanzania chama kizima kilijiita NCCR-Mageuzi. Tena mageuzi yanatokana na kugeuza, na penye kugeuza pana mgeuzaji. Mageuko yanatokana na kugeuka, kitenzi kisichomtaja mtendaji, na ndiyo istilahi inayofaa zaidi. Maana yake katika biolojia ni badiliko la sifa za kurithi katika kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi.

Lugha nyingine nazo zimehangaika. Kinyarwanda husema ubwihindurize, neno lililojengwa juu ya guhindura, yaani kugeuza, pamoja na kiambishi cha kujirejelea, hivi kwamba msikilizaji anaweza kudhani kiumbe anajigeuza mwenyewe. Asili ya evolution ni neno la Kilatini la kukunjua hati iliyokunjwa, kana kwamba yote yaliandikwa zamani na yanasubiri kusomwa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, alipendelea kuzungumzia kurithishana kunakoambatana na mabadiliko. Kitenzi chenye mzizi wa evolution kimo katika toleo la kwanza mara moja tu, kikiwa neno la mwisho kabisa la kitabu.

Maswali ambayo watu huuliza kuhusu mageuko huanzia hapo: ni nani anageuka, na je, anafanya hivyo kwa kutaka?

Tulichukue hilo liwe swali la kwanza, kwa mfano unaoonekana Kigali. Kwenye gare ya Nyabugogo, mabasi ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam hupakia karibu na yale ya Musanze na Huye, na Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, hutumika hapo kwa biashara na salamu. Kwa Kiswahili hicho hicho utasikia mtu aliyetoka kuugua akilalamika: malaria ya siku hizi imezoea dawa. Mwingine atasema ni mwili wake uliozoea. Lakini kuzoea ni kazi ya mmoja mmoja. Mtoto huzoea shule, mgeni huzoea baridi ya Musanze. Kimelea cha malaria hakizoei kitu: ama kinakufa, ama kinabaki.

Tazama pakiti ya dawa ya malaria iitwayo Coartem, ya mtu mzima. Ina vidonge 24, vinne kwa kila dozi, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kila kidonge kina dawa mbili. Artemeta, ya jamii ya artemisinini, hushambulia upesi na kutoweka damuni baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa ikimalizia masalia. Mgonjwa anaweza kubeba mabilioni ya vimelea, na kila kimelea kinapojigawa, jeni zake hunakiliwa. Katika kunakili huko hutokea makosa, na makosa hayo hayajui kama kuna dawa au hakuna. Mengi hayana faida yoyote. Moja likitokea kukisaidia kimelea kichanga kustahimili zile saa chache za artemeta, wenzake watakufa na chenyewe kitaachiwa uwanja. Mchujo huo ndio uteuzi asilia: hakuna aliyekaa kuteua, dawa imeua wengine tu.

Ndicho kilichoonekana Masaka, upande wa mashariki wa Kigali. Mwaka 2020, timu iliyoongozwa na Aline Uwimana wa Kituo cha Rwanda cha Tiba na Afya, RBC, ilichapisha uchunguzi wa sampuli za damu zilizokusanywa kati ya 2012 na 2015. Katika vimelea 19 kati ya 257 vya Masaka, kwenye nafasi ya 561 ya protini iitwayo Kelch13, asidi amino ya arginini ilikuwa imepisha histidini. Hilo ni kosa la herufi moja ya jeni. Wakati huo Coartem ilikuwa bado inaponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, kwa kuwa lumefantrini ilikuwa ikifanya kazi yake. Lakini badiliko lilikuwa limeshapata mahali pa kukaa.

Swali la pili: je, mageuko hayahitaji mamilioni ya miaka? Hupimwa kwa vizazi, si kwa kalenda. Rwanda iliifanya Coartem dawa ya chaguo la kwanza dhidi ya malaria mwaka 2006, na kabla ya miaka kumi kwisha badiliko la 561 lilikuwa Masaka. Kimelea hujigawa ndani ya damu kila baada ya siku mbili hivi. Tembo angehitaji karne nyingi kupitisha vizazi hivyo.

La tatu: je, hilo si jambo lililoletwa kutoka nje? Usugu dhidi ya dawa ya klorokwini uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na asili yake ilikuwa Asia. Huu wa Masaka ulikuwa tofauti. Badiliko lenyewe lilikuwa likijulikana Kusini-mashariki mwa Asia, lakini ulinganisho wa jeni ulionyesha kwamba vimelea vya Rwanda ni uzao wa hapa hapa. Kosa lile lile limetokea kwa bahati angalau mara mbili, mbali na mbali, na likaenea kwa sababu dawa za jamii ile ile zilikuwa zikifanya mchujo ule ule.

La nne husikika kila mahali: kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Binamu yako hakukuzaa. Mna babu mmoja. Sokwe wa msitu wa Nyungwe na sisi tuna wahenga wa pamoja walioishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na tangu hapo pande zote mbili zimeendelea kugeuka.

La mwisho: je, kugeuka ni kupanda ngazi? Malawi inajibu. Nchi hiyo iliacha klorokwini mwaka 1993. Mwaka 1992 vimelea vyenye jeni ya usugu vilikuwa 85%. Kufikia 2000 vilikuwa 13%. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta klorokwini inaponya 99% ya wagonjwa. Hakuna kimelea kilichojirudi. Bila dawa, jeni ile iligeuka mzigo, na uzao wa vimelea visivyo sugu, vilivyokuwa vichache, ukaongezeka na kujaza nafasi. Kilichokuwa bora jana kilikuwa bora kwa mazingira ya jana.

Tofauti ya kuzoea na kugeuka si ya wataalamu wa istilahi peke yao. Anayeamini kwamba mwili wake umezoea dawa atadhani tatizo ni lake, abadilishe dawa kienyeji au akatize dozi. Usugu haukai mwilini mwa mtu. Umo katika jeni za kimelea, na mbu akishamuuma mgonjwa huuhamishia kwa jirani ambaye pengine hajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha Coartem. Badiliko la 561 limeshaonekana pia Karagwe, mkoani Kagera, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Anayepanda basi la kwenda mpakani Rusumo hahitaji kujihisi mgonjwa ili avuke na vimelea damuni. Basi tuseme vimelea sugu vimeongezeka, tuliache neno kuzoea kwa wenye uwezo wa kuzoea, na dozi ya siku tatu imezwe mpaka kidonge cha 24.