Urithi wa Wahenga katika Uchoraji na Uchongaji wa India

Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii yaonya, lakini haituelezi namna ya kuirudia asili pasipo kuwa waigaji tu. Swali hilo liliwakabili wachoraji na wachongaji wa India katika karne ya 20, wala majibu yao hayakuwa mamoja.

Mwaka 1896 Mwingereza E. B. Havell alifanywa mkuu wa Skuli ya Sanaa ya Serikali katika mji wa Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata. Wanafunzi walizoea kunakili kazi za Ulaya. Havell alipoziondoa na kuweka picha za Kihindi, wanafunzi wenyewe walipinga, wakihofu kunyimwa elimu bora. Mwenzake, Abanindranath Tagore, alizirejea picha ndogo za zama za Mughal, na mwaka 1905 akachora Bharat Mata, yaani Mama India, mwanamke mwenye mikono minne aliyeshika kitabu, mashuke ya mpunga, nguo na tasbihi. Mwanafunzi wake, Nandalal Bose, alinakili michoro ya Kibudha katika mapango ya Ajanta. Hata hivyo, mikono iliyofanya kazi hizo za kale ilikuwa imekwisha kuwa vumbi. Kilichobaki kiliweza kutazamwa, si kuulizwa.

Jamini Roy (1887-1972) alitafuta kwingine. Alikuwa amesoma katika skuli ile ile, akipata riziki kwa kuchora sura za watu kwa mtindo wa Ulaya. Katika miaka ya 1920 aliuacha mtindo huo, akawaendea wachoraji wa vijijini Bengal. Hakutwaa mistari yao mizito peke yake, bali na vifaa vyao pia: rangi za udongo, chaki na masizi, zilizoshikamanishwa kwa gundi ya mbegu za ukwaju.

Mwaka 1938, huko Santiniketan, Ramkinkar Baij alisimamisha sanamu ya jamaa ya Kisantal: mume, mke, mtoto na mbwa, wahamao na vyombo vyao vichache. Hakutumia marmar wala shaba, ila saruji na kokoto nyekundu za mahali pale.

Meera Mukherjee (1923-1998) alisoma Ujerumani, kisha akajifunza kwa wasubu wa Bastar. Hao huzungushia nyuzi za nta juu ya kiini cha udongo, wakaifunika kwa udongo tena na kuichoma. Nta huyeyuka, na shaba hujaza nafasi yake. Kwa njia hiyo alitengeneza sanamu zake, na mwaka 1978 kikachapishwa kitabu chake juu ya mafundi wa metali wa India.

Yatupasa basi kutofautisha sura ya urithi na kazi ya urithi. Sura yaweza kunakiliwa na yeyote. Kazi yataka mwalimu aliye hai, naye aghalabu ni fundi wa kijijini asiyejulikana jina. Akifa bila mwanafunzi, hapana jumba la makumbusho liwezalo kuturudishia alichokijua.